Adabu za Dastani Mbele ya Mashine ya Taa

Nyie mliobaki kwenye chumba cha macho, nawasalimu, na nyie itikieni hukohuko mliko. Ujumbe wenu ulinikuta napepeta mchele. Mmesema kustaafu kwangu kusiondoke na ujuzi, niwaandikie yale ninayoyajua kwa uhakika. Nikacheka peke yangu. Ya uhakika mmeyasoma chuoni, mnayajua kunishinda. Mie nitawaandikia habari moja ambayo sikuielewa, na mpaka leo nikiifikiria kichwa kinazunguka. Nina sababu ya kuiandika wiki hii, mtaiona mbele. Mkiielewa, njooni Kiwalani mnieleze, chai ipo.

Ni habari ya jicho refu. Najua mmefundishwa, lakini niacheni niseme kwa maneno yangu. Jicho la kawaida liko kama chungwa. Jicho la mtu asiyeona mbali, yule wa miwani mizito kabisa, limerefuka kwenda nyuma, limekuwa kama yai. Sasa jicho likirefuka, ule utando wa ndani hauongezeki, unavutwa tu. Mmewahi kumwona mama anayesukuma manda za sambusa? Akizidisha unaona meza chini yake. Nyuma ya jicho refu ndiko kulivyo: utando umekuwa mwembamba mpaka unaona mishipa iliyo chini yake, na ule mshipa mkuu unaopeleka habari kwenye ubongo, badala ya kuingia umenyooka, unaingia umelala upande. Pembeni yake pana kipande cheupe kama mwezi mwandamo.

Hapo ndipo mchanganyiko unapoanzia. Yote hayo yanaweza kuwa umbo tu, mtu akazeeka nalo na kuzikwa nalo bila kupofuka. Na yote hayo yanaweza kufanana na presha ya macho, ule ugonjwa unaokula mshipa huohuo kimyakimya, bila maumivu, mpaka siku mtu anagundua nusu ya dunia haipo. Unaangalia picha, unasema ni umbo. Unakunywa maji, unarudi kuangalia, unasema hapana, huu ni ugonjwa. Mie nimezikodolea picha hizo mpaka wali ukaungua nyumbani.

Aliyenipokea kazini ni Bi Asumini, mwanamke wa Tanga, muuguzi wa macho wa zamani, Mungu amrehemu. Enzi hizo hatukuwa na kamera ya kupiga nyuma ya jicho. Daktari aliangalia kwa tochi na lenzi, kisha akachora kwa penseli. Mkono wa kila daktari ulikuwa na tabia yake. Mmoja alichora kila mshipa umenona, mwingine kila mshipa umekonda, na mgonjwa ni yuleyule. Bi Asumini akawa anasema, "Hapa hatujui kama jicho limebadilika au daktari kahamishwa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kugeuza ubao wa kupimia macho, ule wa herufi E zinazoelekea huku na kule. Wagonjwa wetu wa Temeke walikuwa wanapanga foleni mlangoni, mlango wazi, wanasikia wa mbele anasema juu, chini, kushoto, kulia. Ikifika zamu yao wanaimba ubao wote hata hawajakaa. Kuna mama mmoja aliusoma vizuri mno, mstari wa mwisho bila kukosea. Bi Asumini akamwambia, "Hongera mama, ila unautazama ukuta, ubao uko huku." Wenyewe hawakuona kama ni udanganyifu. Mtu kaulizwa, atakaaje kimya? Kukaa kimya ukiulizwa ni kukosa adabu.

Likumbukeni hilo la adabu.

Na neno lake lingine lilikuwa hili: mwangalie mgonjwa kabla hajajua kwamba unamwangalia. Mwangalie anavyouvuka mlango, anavyotafuta kiti. Mie nililishika kazini, lakini nikitoka kazini nililiacha pale pamoja na koti jeupe. Ndiyo maana Dastani alinipita mlangoni kwangu muda wote ule.

Dastani ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni Mmakonde wa Newala, mchonga mpingo. Vinyago vyake vinauzwa kwenye duka moja karibu na mahoteli ya Mbezi Beach. Tangu ujana anavaa miwani mizito, lakini akishika patasi anaivua, anausogeza mti mpaka usoni. Mgeni akimwona anadhani anaunusa. Mtu wa jicho refu akivua miwani, vya karibu anaviona kuliko mie na wewe. Huyu bwana anachonga kucha za mtoto aliye mgongoni mwa mama yake, halafu mama mwenyewe amesimama juu ya mabega ya watu wengine. Sasa mtu kama huyo utamwambia haoni? Mtaa mzima tulikuwa tunajua kwamba Dastani ana macho makali.

Tena alikuwa mtu wa adabu. Alikuwa anasalimia mpaka watoto wanaotoka shule. Kwa hiyo mambo yalipoanza kubadilika, hatukuelewa kabisa.

Tulikuwa na msiba mtaani. Mie nimekaa kwenye mkeka na kina mama, Dastani akapita kutoa pole. Nikanyoosha mkono kutoka pale chini. Akanipita. Mkono wangu ukabaki hewani, kina mama wote wanauangalia. Nikajifanya nakung'uta mkeka. Mnajua tunavyotaniwa sie Wapare, kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi ile kesi ya mkono, ng'ombe nilikuwa tayari nimeshamtafutia mnunuzi.

Upande wa wanaume ikawa mbaya zaidi. Liliwekwa sinia la wali, wakazunguka watu kula. Adabu ya sinia mnaijua, kila mtu anakula palipo mbele yake. Dastani akaacha wali ulio mbele yake, mkono ukavuka mpaka upande wa Mzee Shomari, tena penye nyama. Mzee Shomari ni fundi cherehani, mtu wa maneno. Hakusema kitu pale, ila alipotoka hapo alisema kila mahali. "Kapata hela za Wazungu. Zamani alikuwa anakula kwake, sasa anakula kwake na kwangu." Watu wakacheka, na neno likakaa. Dastani ana maringo. Dastani hapokei mikono. Dastani anawakanyagia watu sandali zao mlangoni kama hawapo.

Halafu, baada ya muda, akabadilika tena. Akawa anasalimia yeye wa kwanza, kwa sauti, kabla hujamfikia. Ananyoosha mkono kwa kila anayepita. Siku moja nilimwona anampa mkono kijana wa bodaboda aliyekuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, wala hakuwa na habari naye. Tukasema haya, maneno yamemfikia, amejirekebisha. Mie na Mzee Shomari tulikubaliana hivyo, na sie wawili hatukubaliani mara nyingi.

Aliyenitoa kwenye giza hilo ni mkewe, Mama Anjela. Alikuja kwangu asubuhi, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima kitu.

"Sista, nikuulize. Mtu akijikwaa kwenye ngazi yake mwenyewe, ngazi aliyoijenga kwa mikono yake, ni macho au ni mawazo?"

"Nani anajikwaa?"

"Baba Anjela. Kila siku. Na hakubali. Anasema ngazi imechakaa."

Nikamwambia akae. Nikaanza kuyapanga moja moja. Ngazi iko chini. Sandali ziko chini. Wali ulio mbele yako, ukiwa umekaa, uko chini. Na mkono wangu niliutoa kutoka kwenye mkeka, chini. Na hii mikono anayowahi kuitoa yeye, ni kwa kuwa ya watu haioni. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na sie mtaa mzima tulijikwaa ulimi, wakati yeye anajikwaa dole kwelikweli.

Nikampeleka kliniki. Presha ya jicho ikapimwa, ikaonekana ya kawaida. Picha za nyuma ya jicho zikapigwa: utando wa manda, mwezi mwandamo, mshipa umelala upande. Kikombe cha mshipa, kile kishimo cha katikati tunachokiangalia kama kimepanuka, ukingo wake hauonekani unaishia wapi. Ikabaki mashine ya taa.

Mnaijua, ila nyie mmezoea ya siku hizi. Mgonjwa anaweka kidevu, jicho moja limefunikwa, anakodolea nukta ya katikati ndani ya lile bakuli jeupe. Vitaa vinawaka huku na kule, hafifu, akiona anabonyeza kitufe. Kwa mtu wa miwani mizito, iwekeni lenzi karibu na jicho, karibu kabisa, maana ikikaa mbali ukingo wake unaleta giza la duara kwenye majibu, mkadhani mgonjwa anapofuka kumbe ni lenzi yenu. Nikampanga Dastani vizuri, nikamwambia, "Ukiona taa, bonyeza." Akabonyeza. Alibonyeza kama anachapa barua.

Majibu yakaonyesha anaona kila mahali. Lakini ile mashine ina ujanja wake, kuna wakati inatoa mlio bila kuwasha taa, ili imkamate anayebonyeza kwa mazoea, na Dastani ilimkamata kila ilipotega. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikamtoa, nikamkalisha.

"Baba Anjela, mbona unabonyeza hata pasipo na taa?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nakusaidia, sista. Nilisikia mashine inahangaika, nikaona nikinyamaza nitakuwa sijakutendea haki. Umenileta mwenyewe, umeacha kazi zako."

Huyu ndiye mtu ambaye mtaa mzima tulisema hana adabu.

Madaktari nao wakagawanyika, na mie siwalaumu hata kidogo. Mmoja, mwenye mvi, akaangalia picha akasema ni umbo, jicho limevutwa, hata huku kutoona vya chini kunaweza kuletwa na huo mvuto. Mwingine, dada mmoja makini sana, akasema yeye haamini, ugonjwa wa presha ya macho unaweza kuwepo hata kipimo cha presha kikiwa cha kawaida. Wakabishana kwa heshima mbele ya kioo cha kompyuta. Mie nimesimama nyuma yao, nikimsikia huyu nakubali, nikimsikia yule nakubali. Mwisho yule dada akamgeukia Dastani akamwambia ukweli.

"Baba, sijui. Kama ni ugonjwa, kila mwezi unaopita bila dawa unaondoka na kipande ambacho hakirudi. Kama ni umbo, nitakuwa nimekufunga na dawa ya matone maisha yako yote bure, na dawa yenyewe inawasha."

Dastani akaniangalia mie. "Sista, nimetoka Kiwalani kwa pikipiki kuja kuambiwa sijui?"

"Ndiyo," nikasema. "Na mie nimefanya kazi hapa mpaka nimeota mvi na sijui. Karibu."

Hakucheka. Alikuwa anaogopa, na nilimwona. Mtu anayechonga hajui kazi nyingine, na Anjela, binti yao, alikuwa bado anasoma, naye tayari miwani yake imeanza kuwa mizito. Akaniuliza polepole kama atakuja kuushika mpingo asiuone. Nilitaka kumwambia hapana.

Nikamuuliza, "Ukichonga ukakata kupita kiasi, unafanyaje?"

"Mpingo hauongezwi, sista. Kilichokatwa kimekatwa. Unaangalia kilichobaki, unakitunza."

"Basi hata mshipa wa jicho ni hivyohivyo. Mashine inataka kuona kilichokatwa. Ukiisaidia, unatuficha. Adabu yako leo naomba uiache nje ya mlango. Usipoona, nyamaza. Hata ikichukua muda gani, nyamaza tu."

Akafikiri. Akasema sawa.

Akarudi kwenye mashine. Mwanzo nikasikia kitufe, kikakaa, kikalia tena. Taa za juu alikuwa anaziona. Kisha mashine ikashuka chini. Kwenye kioo cha pembeni naona kila taa inapowaka, yeye hanioni. Ikawaka, kimya. Ikawaka nyingine, kimya. Nyingine, ya mwanga mkali zaidi, kimya. Mie nimekaa pale mikono nimeibana magotini, namwombea abonyeze hata kwa kubahatisha, mie huyohuyo niliyemkataza.

Kidevu kikiwa palepale, bila kugeuka, akauliza, "Sista, mashine imezima?"

"Haijazima, Baba Anjela. Inaendelea."

Hakuuliza tena. Alikaa palepale mpaka mwisho. Alipotoa kidevu, miwani ilikuwa mezani karibu na mkono wake, mie nikaiokota nikamvalisha. Akasema, "Kumbe zilikuwa nyingi hivyo nilizokuwa nakusaidia." Nililia nikiwa nafunika mashine, na msidhani nawaambia ili mnionee huruma. Kazi hii inalizaga watu, ila hawasemi.

Majibu yalionyesha giza upande wa chini, macho yote mawili. Mngedhani sasa tumejua. Hatukujua. Mvuto unaweza kuleta giza, na ugonjwa unaweza kuleta giza. Wakakubaliana waanze dawa ya matone, wapime na kupima tena, walinganishe. Ikitulia, pengine ni umbo. Ikizidi, ni ugonjwa. Nikadhani muda utatuamulia. Nao muda ukatuchanganya zaidi. Kipimo kimoja kibaya kidogo, kinachofuata kizuri kidogo, kingine kimerudi pale pa kwanza kwa sababu siku hiyo alikuwa amelala vibaya. Nimestaafu faili lake likiwa bado na alama ya kuuliza, na yule dada daktari alinikumbatia siku ya kuniaga akasema, "Sista, bado sijui." Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Niwape na hili kabla sijasahau. Mtu wa jicho refu akiwaambia ameona vimulimuli ghafla, au pazia jeusi linashuka upande mmoja, msimwambie arudi kesho, hata kama foleni imefika barabarani. Manda ikichanika haingoji. Na watoto wa watu hawa wapimeni mapema. Anjela tunamfuatilia, yeye mshipa wake bado unaeleweka.

Mtaani nilieleza mie mwenyewe, kwa ruhusa ya Dastani, kwenye baraza la Mzee Shomari. Mzee akaisimamisha cherehani katikati ya mshono. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nalinunia jicho." Tangu hapo, wakikaa kwenye sinia, yeye ndiye anayesema, "Dastani, wali uko huku mbele yako, nyama nimekusogezea." Na watu tukajifunza kumpa mkono juu, usawa wa kifua chake. Watoto waliozaliwa baada ya jambo hili wanadhani ndivyo Wamakonde wanavyosalimiwa. Wanarusha vikono juu kama wanaomba kubebwa.

Mie nina mchezo wangu, na yeye anaujua bila kusema. Kila Jumapili akitoka kanisani anapita kwangu. Namnyooshea mkono bila kutamka neno, namwangalia usoni. Mara nyingine naupandisha, mara nyingine naushusha kidogo. Si kipimo cha chuoni, najua, msicheke. Ndiyo mashine niliyobaki nayo.

Jumapili iliyopita niliushusha kuliko siku zote, karibu na kiuno. Akaushika palepale, moja kwa moja. Nilifurahi nikawa kama mtoto. Nikamwambia, "Baba Anjela, umeuona?"

Akatabasamu. "Si umenipa mkono, sista? Ningeuacha hewani?"

Sasa hilo ni jibu gani? Aliuona, au aliubahatisha kwa kuwa anaujua mchezo wangu? Nikambana, akacheka, akaniulizia mchele. Tukaongea, akaaga. Nikamwangalia anavyoondoka, kabla hajajua kwamba namwangalia. Kwenye ngazi ya baraza langu, ngazi anayopita kila wiki, mguu wa kulia ulitangulia, ukapapasa hewani, ukaitafuta sakafu taratibu, ndipo akaikanyaga.

Sijui maana yake. Huenda ni uzee tu, hata mie nimeanza kupapasa. Huenda mvuto umezidi. Huenda dawa haitoshi tena. Nimekaa wiki nzima na huo mguu kichwani.

Jumatano ana kliniki, na mie nitakuwa Same kwa harusi ya mpwa wangu. Mmoja wenu ndiye atakayemkalisha kwenye mashine. Mtamjua: mzee wa miwani mizito, vidole vyeusi kwa mpingo, atawasalimia wa kwanza na mkono atanyoosha kabla hamjanyanyuka. Upokeeni vizuri. Kisha mwambieni, kwa maneno hayahaya, kwamba Sista Mbonea amesema asiwasaidie. Na msiende kunywa chai wakati anapimwa, kaeni karibu naye, maana itafika mahali atawauliza kama mashine imezima.